Mwamvuli Kwenye Msumari

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo na mvua nayo imeanza leo, utadhani tumepangwa zamu moja. Nilifika nimelowa hadi magotini. Mlinzi wa getini aliniangalia miguu kwanza, ndipo akaniangalia uso.

Ni kiwanda kikubwa cha udobi, cha mashuka ya hoteli na hospitali. Chini kuna mashine za kufulia, zinanguruma mpaka meno yanatikisika. Mimi nimepangwa juu, chumba cha kukunjia. Mashuka yanapanda kwa lifti ya mizigo yakiwa bado ya moto, na kazi yetu ni kuyakunja na kuyapanga. Shuka moja, watu wawili: huyu anashika pembe mbili, yule mbili, mnakung'uta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Peke yako huwezi, utaishia kuviringisha furushi.

Msimamizi ni bwana mwembamba mwenye penseli sikioni. Jina lake niliambiwa nikalisahau papo hapo kwa woga, kwa hiyo humu nitamwita Bwana Penseli. Alinieleza kwa ufupi kwamba niko majaribio mpaka mvua ziishe, maana wakati wa mvua ndipo kazi inapolemea. Zikiisha atasimama mbele ya wote aulize, "Nani atakunja naye?" Akijitokeza mtu, napewa mkataba. Asipojitokeza, asante na kwaheri.

"Ndivyo tulivyo hapa," alisema. "Siwezi kumlazimisha mtu kukunja na mtu."

Kisha akawageukia wanawake waliokuwepo, akauliza nani ataanza na mgeni. Mama mmoja mtu mzima, amejifunga vitambaa kwenye vifundo vya mikono, akaniita kwa kidole. Hakusema neno. Mpaka tunatoka jioni hakusema neno. Nimempa jina la Bi Kimya.

Kuna meza ya chai karibu na dirisha. Ukutani juu yake imepigiliwa safu ya misumari, na vikombe vinaning'inia, kila mtu na chake. Msumari wa mwisho ulikuwa mtupu. Nikashukuru, nikautundikia mwamvuli wangu uchuruzike. Nikaona wanaangaliana. Labda kwa sababu nilikuwa nalowesha sakafu.

Kengele ya chai ilipolia, wote wakakaa. Nikasimama pale mlangoni nikisubiri kukaribishwa. Hakuna aliyenikaribisha. Nikaenda kunywa maji ya bomba.


Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe anataka habari zote. Tumebaki wawili tu, mimi na yeye. Mwanawe, aliyekuwa mume wangu, tulimzika kabla ya kuja huku, na watu wengi walinishangaa kwamba ninasafiri na mkwe badala ya kuwaachia watoto wake wengine. Sikumchukua mimi. Nilimkuta ameshakaa juu ya sanduku.

Macho yake yana mtoto wa jicho. Moja limeshafunga, la pili linaona vivuli. Daktari wa hapa amesema wanaweza kumpasua aone tena, lakini mpaka niwe na kadi ya matibabu, na kadi inatolewa kwa mwenye mkataba. Kibali chetu cha kukaa nacho kinaisha mvua zikiisha, na ofisini walisema vilevile: lete mkataba. Bila mkataba tunarudi, na kule tulikotoka daktari wa macho hayupo.

"Wakoje watu wenyewe?" aliuliza.

"Hawakaribishi mtu chai, mama."

"Kwani chai hukuiona?"


Ijumaa, 7 Machi

Nilikotoka nilifanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, upande wa kufungasha. Kule aliyekuwa wa mwisho Ijumaa, Jumatatu hakurudi. Hakuna aliyemfukuza, ilikuwa jina lake tu halisomwi. Nimefanya kazi hivyo mwaka hadi mwaka, na leo kwa kuwa ni Ijumaa nilikunja kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Bi Kimya alikuwa ananiangalia juu ya shuka. Kila tukikutana katikati, mimi nimeshafika, yeye bado anakuja.

Sijui kama wenzangu walipendezwa.


Jumanne, 11 Machi

Mvua. Maji ya bomba.


Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe amepata marafiki. Tunaishi ghorofa ya pili, na chini ya ngazi kuna fundi viatu. Mama huteremka asubuhi akipapasa ukuta, anafika kwa fundi, anakaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kuuliza habari za wajukuu. Fundi alidhani ni mteja. Alipogundua siye, alikuwa ameshamwambia habari za wajukuu wote.

Nikamwambia, "Mama, huku watu si kama kwetu. Usiwaingilie hivyo, watatuchoka."

Akajibu, "Mwanangu, wanasema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Mimi nimekuja langu likiwa limefumbwa tayari. Sina la kuongeza."

Nilicheka mpaka mwenye chumba cha jirani akagonga ukuta. Nikanyamaza ghafla. Nimekuwa mtu wa kunyamaza ghafla tangu tuje huku.


Alhamisi, 20 Machi

Leo nilijikaza. Kengele ya chai ilipolia nikasogea mpaka hatua mbili kutoka mezani, nikatabasamu, nikasema, "Poleni na kazi." Wakajibu, "Asante, pole nawe." Wakaendelea na maongezi yao. Kiti kimoja kilikuwa wazi, nakiona. Nikasubiri mtu aseme hata "njoo." Nilisimama nikitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha nikajifanya nimekuja kuangalia mwamvuli wangu kama umekauka, nikaurudisha palepale, nikaondoka.

Msichana mmoja mcheshi, ambaye humu nitamwita Kicheko kwa sababu hucheka hata lifti ikikwama, alitaka kusema kitu. Bi Kimya akamtazama tu. Kicheko akanyamaza akanywa chai yake.

Mimi nimelelewa hivi: mtu hajikaribishi kwenye meza ya watu. Mama yangu mzazi angefufuka anichape. Lakini chumba kizima, kila siku, hakuna hata mmoja wa kusema karibu? Wananichukia. Sijui nimewakosea nini. Labda ni namna ninavyosema, maana nikifungua mdomo huangaliana. Labda wananiona nimekuja kumnyima ndugu yao kazi.


Ijumaa, 28 Machi

Bi Kimya ananivuta nyuma. Wiki ya kwanza nilidhani ni umri. Sasa nina shaka. Mvua ikizidi ndivyo anavyozidi kuwa mzito. Anashika pembe, anaiachia, anaishika tena. Leo aliangusha shuka la hospitali sakafuni ikabidi lirudishwe chini likafuliwe upya, na Bwana Penseli alipopita akatutazama sisi wawili, si yeye peke yake.

Jozi zingine zinamaliza lundo, sisi tuko katikati. Nani ataonekana mzito? Mgeni.

Tangu jioni nawaza. Je, kama alinichagua makusudi?


Jumatano, 2 Aprili

Mvua imeng'oa bati la choo cha uani. Mama mkwe anaona vivuli vichache kuliko wiki iliyopita. Hakuniambia, nilimwona anamimina chai pembeni ya kikombe.


Jumatano, 9 Aprili

Kila mtu hapa ana mtu. Wanaingia wawili wawili, wanatoka wawili wawili chini ya mwamvuli mmoja. Mimi nina mwamvuli wangu peke yangu na bado nalowa.

Nimejaribu njia zote. Nimekuja mapema nikafagia chumba kabla hawajafika, wakasema asante kwa sauti ya watu waliofagiliwa bila kuomba. Nimemsifu Kicheko viatu. Nimejitolea kubeba lundo la jozi nyingine, na mama mmoja wa jozi hiyo akalishika lundo lake kwa mikono miwili akaniambia, "Acha, dada, tutabeba." Kila ninapozidisha juhudi naona wanazidi kurudi nyuma.

Nikiwa nakunja nawasikia mezani wanaongea taratibu, vichwa vimekaribiana. Nikipita wananyamaza. Kuna jambo wanalijua humu ndani ambalo mimi sijui. Nalihisi kama unavyohisi jiwe kwenye kiatu.


Jumanne, 15 Aprili

Nimefanya. Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Leo mashuka yalipanda mengi kuliko siku zote, maana hakuna kinachokauka nje mjini na kila hoteli imeleta kwetu. Bi Kimya alikuwa mzito kupita kiasi. Mara tatu nilikung'uta shuka likamchomoka mkononi. Mara ya nne nikasema kwa nguvu, mbele ya watu, "Shika basi, bi mkubwa!" Yeye akainama, akaokota, akashika.

Nikaona naangamia hivihivi. Mchana nikaenda kwa Bwana Penseli kwenye kijichumba chake cha vioo, pembeni ya chumba chetu.

"Nibadilishie mwenzangu, tafadhali. Yule mama ni mzito, haiwezi hii kazi. Mimi naonekana mvivu kwa sababu yake."

Aliitoa penseli sikioni akaizungusha. "Una hakika unataka kuniambia hilo?"

"Ndiyo."

"Nikishasikia, nimesikia. Siwezi tena kujifanya sijasikia."

Nilidhani ananipima ujasiri. Nikasema nina hakika. Akarudisha penseli sikioni, akasema kesho nitakunja na Kicheko.

Kijichumba ni cha vioo lakini hakina dari. Nilipotoka nilijua wamesikia kila neno.


Jumatano, 16 Aprili

Nakunja na Kicheko. Hacheki.


Alhamisi, 24 Aprili

Bwana Penseli amesimama nyuma ya Bi Kimya tangu asubuhi akiangalia saa ya mkononi. Hakuwahi kufanya hivyo. Amemwekea jozi mama mwingine, naye yule mama anakunja polepole makusudi kabisa, mpaka nikashangaa: huyu wiki iliyopita nilimwona ana mbio. Kila nusu saa wanapokezana, mwingine anakuja kushika pembe upande wa pili. Bwana Penseli akawakataza. Akasema anataka kumwona Bi Kimya na mtu mmoja, siku nzima.

Jioni Bi Kimya alitoka ameweka mikono kwapani.

Nilipata nilichoomba. Kwa nini basi nilingoja mpaka apite ndipo nitoke?


Jumatano, 30 Aprili

Nimepitia ofisi ya vibali. Foleni, mvua, foleni. Karani aliuliza, "Mkataba?" Nikasema bado. Akasema, "Mvua zinakaribia kuisha," kama vile nilikuwa sijui kutazama juu.


Jumanne, 6 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianze na chakula.

Asubuhi nilisahau chakula changu nyumbani. Kengele ya chai ikalia, wakakaa, nami nikaenda kusimama kwangu, karibu na bomba. Mara mlango ukafunguka, na hapo mlangoni kasimama mama mkwe, analowa kuanzia mtandio hadi viatu, chombo cha chakula mkononi, na nyuma yake fundi viatu amemshika kiwiko huku anaomba radhi kwa macho.

"Mke wa mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeingia sebuleni kwake.

Nilikwenda mbio nikamwambia kwa kunong'ona, "Mama, hapa ni kazini." Akanipa chombo, akanipita, akanyoosha mkono akapapasa kiti kilichokuwa wazi, akakaa.

"Nipeni chai, wanangu. Nimelowa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini wao waliinuka wote kwa pamoja. Mmoja anamimina, mwingine anatafuta sukari, Kicheko anavua sweta lake amfunike. Hata fundi viatu alipewa kikombe. Ndani ya dakika chache mama mkwe alikuwa anawachekesha kwa habari ya safari yetu, jinsi nilivyohesabu mizigo nikamhesabu na yeye.

Kisha akasema mtandio wake unadondosha maji, kuna mahali pa kuutundika? Kabla sijasema kitu alikuwa amesimama, anapapasa ukuta, anagusa msumari mmoja baada ya mwingine.

"Kikombe. Kikombe. Kikombe. Kikombe..." Akasimama. Mkono wake ulikuwa juu ya mwamvuli wangu. "Ala! Nani huyu asiye na adabu, kaweka mwamvuli mahali pa kikombe?"

Kicheko akaziba mdomo kwa mkono.

Nikasema, "Wangu, mama."

"Kikombe chako basi kiko wapi?"

"Sina."

Hapo Bi Kimya akafungua mdomo. Tangu Machi sijasikia sauti yake, na nilidhani ingekuwa ya ukali. Ni sauti ndogo tu, ya mtu aliyechoka.

"Huo ni msumari wa mkweo," alimwambia mama. "Tuliupigilia wiki moja kabla hajaja. Tulipoambiwa anakuja mtu, tukasema awe na mahali pake. Akaja, akatundika mwamvuli. Kesho yake tena mwamvuli. Tukajua hataki."

"Lakini mngeniambia!" nilisema. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyajali. "Mngesema neno moja tu, karibu!"

Bi Kimya alinitazama kama aliyesikia jambo geni, kisha akamgeukia mama, akamjibu yeye. "Mtu hukaribishwa kwa watu. Kwake anakaa tu."

Mimi nimesimama pale kwenye bomba mvua nzima nikisubiri mlango ufunguliwe, nao wamekaa ndani wanashangaa kwa nini mwenye nyumba haingii. Mama mkwe alikunywa chai yake yote, akasema, "Mimi nisiyeona nimeuona huo msumari. Haya, wewe mwenye macho, sijui ulikuwa unatazama nini." Wakacheka wote. Nami nikacheka, huku nalia.

Bi Kimya hakucheka. Alimsaidia mama kushika ngazi, akarudi kwenye mashuka yake.


Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda na kikombe. Cha bati, kina pengo mdomoni, ndicho tulichonacho. Nimeuondoa mwamvuli, nikakitundika. Kengele ilipolia nilikaa bila kungoja mtu, na roho ilinidunda utafikiri nimeiba.

Nikapata na habari za Bi Kimya. Bi Kimya alikuwa hayupo mezani, Bwana Penseli alikuwa amemwita. Kicheko ndiye aliyeniambia.

"Dada, sasa umekaa, acha nikuambie. Yule mama ana mikono mibovu. Viungo. Kiangazi hana neno, anatushinda sisi wote. Mvua zikianza vinavimba, hawezi hata kufunga kifungo. Kila mwaka tunambeba. Tunapokezana kukunja naye, kila mtu anajifanya mzito kidogo, msimamizi asigundue. Mwaka huu tukasema Mungu katuletea mgeni. Mgeni si anatarajiwa kuwa mzito? Akunje na mgeni, hakuna atakayeuliza. Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuita."

Mama mwingine akamalizia. "Wewe ukaja na mbio."

"Mngeniambia," nilisema tena, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

"Tungekuambia wapi? Mambo haya husemwa hapa mezani. Hapa alikuwa amekaa mwamvuli."

Nikakiweka kikombe chini. Nikakumbuka vile vitambaa kwenye vifundo vya mikono. Nilivitazama kila siku, nikaviona ni namna yake ya kuvaa. Nikakumbuka nilivyokung'uta shuka kwa nguvu zangu zote za kiwanda cha biskuti, na yeye upande wa pili anashikilia.

Bwana Penseli amempa Bi Kimya mpaka mwisho wa mvua vilevile. Asipobadilika, anapumzishwa. Kwa hiyo tunaamuliwa wote wawili siku ileile.


Alhamisi, 8 Mei

Sikula. Mama mkwe aliuliza mpaka nikamweleza yote. Nikamwambia pia ninachowaza: kwamba niende kwa Bwana Penseli nikaseme mzito nilikuwa mimi. Na kwamba nikisema hivyo, mkataba unaweza kwenda, kibali kinaweza kwenda, na macho yake nayo.

Nilitaka anikataze. Nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma: nilitaka aseme, mwanangu, kila mtu na mzigo wake. Ningelala usingizi mzito.

Alikunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

"Naogopa giza," alisema mwishowe. Hajawahi kuniambia hivyo. Siku zote ni mzaha. "Naliogopa sana. Lakini sitaki macho yaliyonunuliwa kwa mikono ya mwenzangu. Nitamwona nani nayo?"

Kisha akasema nikalale, maana uso wangu umevimba. Nikamuuliza amejuaje. Akasema uso wangu huwa umevimba siku zote.


Ijumaa, 9 Mei

Nilikwenda asubuhi kabla kengele ya kwanza haijalia.

"Bwana, lile nililokuambia Aprili. Halikuwa kweli. Mzito nilikuwa mimi. Yule mama alikuwa ananisubiri."

Penseli ikatoka sikioni. "Ulisema haiwezi kazi."

"Nilimsingizia."

"Kwa nini?"

Hapo sikuhitaji kutunga. "Niliogopa."

"Na wiki hizi mbili mimi mwenyewe nimemwona mzito?"

"Umesimama nyuma yake na saa, bwana. Hata mimi ungenisimamia hivyo ningeangusha."

Alinitazama, akatazama juu, mahali ambapo dari haipo, kule ambako najua kila sikio lilikuwa limetegwa. Akapiga penseli mezani, mara moja.

"Unajua unachojifanyia? Mtu wa majaribio, mzito, na tena msingiziaji. Una hakika unataka nisikie hilo?"

"Ndiyo."

"Basi nimesikia."

Nilitoka. Hakuna aliyenitazama. Bi Kimya alikuwa anafunga upya kitambaa cha mkono wa kulia kwa meno, na hakuinua kichwa.


Jumatatu, 12 Mei

Bwana Penseli ameacha kumsimamia Bi Kimya kwa saa, na lile neno la kumpumzisha amelifuta. Wanapokezana tena. Leo nami nilipewa zamu yangu ya nusu saa. Nilikunja polepole sana, mpaka Kicheko akaninong'oneza kwamba sasa nimezidi, nitawatia mashakani.

Bi Kimya hakusema neno. Sikujua kama ni kimya kile cha zamani au kipya.


Ijumaa, 16 Mei

Manyunyu tu.


Jumapili, 18 Mei

Jua. Siku nzima jua. Majirani wameanika magodoro, watoto wanapiga kelele uani, na mimi nimekaa ndani nalitazama lile jua kama hati ya kufukuzwa. Mama mkwe alitoka akakaa nalo barazani, uso juu. Anasema analiona kama wekundu. Wiki jana alikuwa analiona kama mwanga.


Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi Bwana Penseli alitusimamisha wote. Nilisimama mbele, peke yangu, mikono sijui niiweke wapi. Vikombe vilikuwa vimetundikwa nyuma yao, na changu cha bati mwishoni.

"Mvua zimeisha," alisema. "Mwenyewe amejieleza kwangu, nanyi mmesikia, msijifanye hamkusikia. Nauliza mara moja. Nani atakunja naye?"

Kimya.

Nilimtazama Kicheko. Akatazama viatu vyake. Nikamtazama yule mama aliyesema nilikuja na mbio. Alikuwa anatazama lifti. Nikaanza kuwaza jinsi nitakavyomwambia mama, neno gani nitangulize, na nani atatubebea sanduku mpaka stendi. Nikasema moyoni, sawa. Nimeshiriki kumwumiza mtu, na watu wake wameona. Sawa.

Bwana Penseli alishusha pumzi. "Basi kama hakuna..."

Bi Kimya akatoka kwenye mstari. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye lifti, akavuta shuka kubwa la kitanda cha watu wawili, likiwa bado linafuka mvuke. Akashika pembe mbili. Ndipo nikaona mikono yake haina vitambaa. Akakung'uta mara moja, na upande wa pili ukaruka hewani ukanipiga kifuani.

Nikaudaka.

"Bi mkubwa," Bwana Penseli alisema, "sijasikia jibu."

"Ah, bwana!" Kicheko akapasuka kwa kicheko, kile cha zamani. "Unataka aimbe?"

Watu wakacheka, Bwana Penseli akatikisa kichwa akaenda kwenye kijichumba chake kutafuta karatasi, nasi tulikuwa tumeshaanza. Nilikwenda taratibu kwa kumwonea huruma. Tukakutana katikati, vidole vyangu kwenye vidole vyake, na hapo akasema maneno yake ya kwanza kwangu, mimi mwenyewe, tangu Machi.

"Hivi ndivyo unavyokunja? Jua limetoka sasa. Hebu tuone hizo mbio zako."

Sikumweza. Mpaka kengele ya chai alikuwa ameniburuza kwenye lundo zima na mabega yananiwaka moto.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa mlangoni, ameshika fremu.

"Wamesema nini?"

"Hawakusema kitu, mama."

Akaja, akaninyooshea mkono, akanipapasa uso kutoka paji mpaka kidevu, na vidole vyake vikakuta nacheka.

"Basi nipeleke kwa daktari," alisema, "nikautazame vizuri huo msumari."